Nakala mbili za jeni moja: kinachovurugika katika limfoma ya Burkitt

Chukua seli moja tu ya uvimbe wa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B za kinga, ingia ndani ya kiini chake, utafute jeni iitwayo MYC. Utaikuta mara mbili, kama ilivyo kwa jeni nyingi za binadamu: nakala moja ya baba, nyingine ya mama. Zote zimo katika kiini kimoja na zimezungukwa na protini zilezile. Nakala moja iko kimya, haisomwi, au inasomwa kidogo mno. Ya pili inasomwa usiku na mchana bila kupumzika. Kinachozitenganisha hasa ni mahali kila moja ilipokaa.

Hili ndilo jambo ninalotaka lieleweke kabla ya mengine yote, kwa sababu tumezoeshwa kuiona saratani kama kosa la herufi: herufi moja ya DNA imebadilika, protini ikaharibika, seli ikapotoka. Kuna saratani za namna hiyo, tena nyingi. Lakini Burkitt huanza kwa namna nyingine. Jeni inaweza kuwa na herufi zake zote sawasawa na bado ikaua, kwa sababu amri ya lini isomwe na kwa kiasi gani imebadilika. Na juu ya hapo yumo kirusi ndani ya seli zilezile, naye anaishi kwa kutumia alama za kuzima na kuwasha jeni kwa ustadi wa hali ya juu. Saratani hii ya watoto wa ukanda wetu ni darasa zima la udhibiti wa jeni.

Tuanze na hali ya kawaida. MYC ni protini yenye asidi za amino 439. Haifanyi kazi peke yake. Hushikana na mwenzake aitwaye MAX, na wawili hao hukaa juu ya DNA penye herufi CACGTG na kuamsha maelfu ya jeni za ukuaji: za kutengeneza ribosomu, za kuchoma sukari, za kuiandaa seli igawanyike. Protini yenye nguvu kiasi hiki haiachwi itambe. Nusu ya MYC iliyotengenezwa huwa imekwisha kuvunjwa ndani ya dakika 20 hadi 30, na ujumbe wake wa RNA nao hauishi muda mrefu. Maana yake ni kwamba seli ikitaka MYC lazima iendelee kuiagiza. Agizo likikatika, katika saa moja au mbili protini imepungua hadi kubaki kidogo sana.

Seli B, zile ambazo baadaye hutengeneza kingamwili, zina kipindi hatari katika maisha yao. Zikikutana na vijidudu huingia katika vituo vya uzalishaji ndani ya tezi za limfu, na humo hugawanyika haraka huku zikirekebisha jeni zao za kingamwili. Wengi hushangaa kusikia kwamba katika kipindi hiki seli nyingi za kituo hicho zina MYC kidogo sana. Protini iitwayo BCL6 hukaa kwenye jeni ya MYC na kuikandamiza, na MYC huwashwa kwa muda mfupi tu, kwa seli chache zilizochaguliwa. Ndiyo sababu nakala salama ndani ya seli ya Burkitt iko kimya: seli hii imetoka katika kituo cha uzalishaji, na nakala isiyoguswa bado inatii sheria za kituo kile.

Nakala ya pili imehama. Katika takriban asilimia 80 ya wagonjwa, ncha ya mkono mrefu wa kromosomu namba 8, pale MYC ilipo, imekatika na kuungwa kwenye kromosomu namba 14, jirani na jeni ya mnyororo mzito wa kingamwili iitwayo IGH. Katika asilimia 15 hivi mbadilishano ni kati ya kromosomu 8 na 2, na katika zilizobaki ni 8 na 22. Kromosomu 2 na 22 ndizo zinazobeba jeni za minyororo myepesi ya kingamwili, kappa na lambda. Kwa hiyo kila mara MYC hujikuta ubavuni mwa jeni ya kingamwili.

Kwa nini jirani huyu ni wa hatari? Jeni za kingamwili zina vipande vya DNA viitwavyo enhansa. Enhansa haitengenezi protini. Ni kituo ambapo protini za kuamsha jeni hukusanyika, kisha DNA hujikunja kama kamba hadi kituo hicho kiguse promota, yaani mlango ambapo usomaji wa jeni huanzia. Umbali ukihesabiwa kwa herufi unaweza kuwa mamia ya maelfu, lakini kamba ikishajikunja viwili hivyo vinagusana. Enhansa haiulizi ni jeni ya nani. Ikikuta promota inayofaa ndani ya eneo lake, inaiwasha. Na kwa kuwa seli B imeumbwa itengeneze kingamwili, enhansa za IGH ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote katika seli hiyo.

Hapa pana jambo dogo linaloonyesha ni enhansa ipi hasa inabeba lawama. IGH ina enhansa moja katikati, iitwayo Eµ, na nyingine kundi zima mwishoni mwa jeni, upande wa tatu-praimu. Kukatika kukitokea karibu na vipande vya J, vilivyo kabla ya Eµ, MYC huenda pamoja na zote mbili. Kukitokea katika maeneo ya kubadilisha aina ya kingamwili, yaliyo baada yake, Eµ hubaki upande wa pili wa mkato na kuhamia kromosomu 8, wakati MYC iko 14. Hata hivyo MYC bado inasomwa kwa nguvu. Kwa hiyo kundi la mwishoni linatosha peke yake, tena kutoka mbali.

Mahali pa kukatika hutofautiana kufuatana na aina ya ugonjwa. Katika Burkitt ya ukanda wa malaria, mkato kwenye kromosomu 8 mara nyingi uko mbali na MYC, pengine zaidi ya herufi laki moja kabla yake, na jeni yenyewe imebaki nzima. Katika aina inayoonekana Ulaya na Marekani, mkato mara nyingi unapita ndani ya ekzoni ya kwanza (ekzoni ni kipande cha jeni kinachobaki kwenye ujumbe wa RNA) au jirani yake. Ekzoni hiyo haibebi sehemu kuu ya protini. Inabeba milango ya kawaida na sehemu ya maelekezo. Ikiondoka, seli hutumia mlango mwingine uliojificha ndani ya introni ya kwanza, kipande kinachoondolewa kwenye ujumbe wa RNA, na protini inayotoka ni ileile.

Nisije nikasema zaidi ya ukweli, niongeze hili: nakala iliyohama haibaki safi daima. Ikishakaa jirani na IGH hupata dhoruba ileile ya mabadiliko inayozikumba jeni za kingamwili, na baadhi ya wagonjwa hukutwa na badiliko katika asidi ya amino namba 58, pale panaposhikwa na mfumo wa kuvunja MYC. Hapo protini huishi muda mrefu zaidi. Lakini hilo huja juu ya kosa la amri, halikutangulia.

Chanzo cha mkato ni kimeng'enya cha seli yenyewe, AID. Kazi yake halali ni kugeuza sitosini kuwa yurasili ndani ya jeni za kingamwili ili zibadilike na kuboreshwa. DNA yenye yurasili huonekana ina kasoro, hukatwa na kurekebishwa. AID huenda penye usomaji mwingi, na mara chache hupotea njia na kuikata MYC. Seli zinapokuwa chache katika vituo vya uzalishaji, ajali hii ni adimu. Malaria ya Plasmodium falciparum inayomrudia mtoto mwaka hadi mwaka huvijaza vituo hivyo na kuviweka kazini kwa miezi. Majaribio ya panya walioambukizwa kimelea cha malaria ya panya yalionyesha hivyo: vituo vilidumu, AID iliendelea kufanya kazi, na limfoma zenye kromosomu zilizovunjika ziliongezeka.

Ramani ilikuwa imedokeza hayo zamani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwona mwaka 1957 mtoto aliyevimba taya pande zote, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walifunga safari ya gari kusini na mashariki mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani amewaona watoto hawa. Palipo baridi na miinuko mikubwa ugonjwa ulipungua au haukuwapo. Palipo joto na mvua ulikuwapo. Ukizilinganisha leo Kisumu, kando ya ziwa, na Nandi, kwenye miinuko, utaona jambo lilelile: malaria nyingi chini na Burkitt nyingi chini, na watoto wa chini huambukizwa kirusi cha Epstein-Barr wakiwa wadogo zaidi.

Kirusi hicho, EBV, kilionekana kwa hadubini ya elektroni na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, waliochapisha mwaka 1964 baada ya kukuza seli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London. Kromosomu 14 yenye kipande cha ziada ilitambuliwa mwaka 1972, mwaka 1976 ikafahamika kipande hicho kimetoka 8, na mwaka 1982 ikathibitishwa kwamba kilichobebwa ni MYC. Miaka 25 hivi, kutoka taya la mtoto wa Kampala hadi jeni.

Kuitafuta jeni iliyohama

Kama kosa liko mahali jeni ilipo, kipimo kinachosoma herufi za MYC peke yake kitakosa ugonjwa. Ndiyo maana maabara hutumia FISH: vipande vya DNA vyenye rangi inayong'aa, viitwavyo proba, vinavyojibandika kwenye mahali palipokusudiwa ndani ya kiini, halafu unahesabu doti kwa hadubini.

Proba ya kwanza ni ile ya kuonyesha mpasuko. Ina rangi mbili, tuseme nyekundu upande mmoja wa MYC na kijani upande wa pili. Kiini cha kawaida kina jozi mbili zilizoshikana, ambazo jicho huziona kama doti mbili za njano. Kiini chenye mhamo wa 8 na 14 kina njano moja, nyekundu moja pekee na kijani moja pekee, zikiwa zimetengana kwa umbali unaozidi kipenyo cha doti, kwa kipimo ambacho maabara imejiwekea. Huhesabiwa viini 100 hadi 200. Katika Burkitt, tofauti na uvimbe mwingine mwingi, karibu kila seli ya uvimbe inakuwa na alama hiyo, kwa hiyo jibu la asilimia 8 lazima likutie shaka kwamba umehesabu seli zisizo za uvimbe au kipande kimeharibika.

Kazi yenyewe kwa kipande cha nyama kilichogandishwa ndani ya nta: kata unene wa mikroni 4, kausha kwenye slaidi, ondoa nta kwa zailini, pasha moto kwenye bafa, kisha meng'enya protini kwa pepsini. Hatua ya pepsini ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi. Ukimeng'enya kidogo, proba haifiki kwenye DNA na unaona giza lenye ukungu wa kijani. Ukizidisha, viini vinapasuka na kubaki maganda matupu. Baada ya hapo tenganisha nyuzi mbili za DNA kwa joto kali kwa dakika chache, acha proba ishikane usiku kucha kwa nyuzi joto 37, osha, weka rangi ya bluu ya kuonyesha viini, soma.

Proba hii ina mapungufu yake, na ni vizuri anayesoma jibu ayajue. Kwanza, mkato ulio mbali sana na MYC, ambao tumesema ndio wa kawaida katika ukanda wetu, unaweza kuangukia nje ya eneo la proba. Doti zote mbili zinahama pamoja, nazo zinaonekana njano safi. Pili, mihamo ya 2 na 22 hukatika baada ya MYC, mara nyingine mbali, na matokeo ni hayohayo. Kwa hiyo ukiwa na mtoto mwenye uvimbe unaolingana kabisa na Burkitt na proba ya mpasuko imesema hakuna, usimalize hapo. Ongeza proba ya muungano inayobeba MYC na IGH kwa pamoja, na ikibidi zile za kappa na lambda. Tatu, mikroni 4 ni nyembamba kuliko kiini, kwa hiyo viini vingi vimekatwa na baadhi ya doti zimebaki kwenye kipande kingine. Hilo hutibika kirahisi: kabla hujaitumbukiza nyama kwenye formalini, iguse mara tatu nne kwenye slaidi safi. Viini vinabaki vizima, na FISH juu ya slaidi hiyo husomeka vizuri zaidi.

Formalini yenyewe inastahili maneno yake. Formalini ya 10% iliyodhibitiwa asidi hutengenezwa kwa mililita 100 za formalini kali ya dukani, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye sodiamu moja na gramu 6.5 za ile yenye sodiamu mbili isiyo na maji. Chumvi hizo zikiachwa kwa kubana matumizi, formalini hugeuka taratibu kuwa asidi ya fomiki, na asidi hukatakata DNA. Nyama ikatwe isizidi milimita 5, formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama, na muda uwe kati ya saa 6 na 48. Kipande kilichokaa wiki mbili kwenye chupa iliyokaangwa na jua la dirishani kinaweza kuonekana kizuri chini ya hadubini ya kawaida na bado kikashindwa kila kipimo cha DNA. Hakuna mashine ya baadaye itakayorudisha kilichopotea hapo.

Hadubini ya kawaida nayo bado inasema mengi. Seli za ukubwa unaolingana zimejipanga kwa msongamano, na katikati yake kuna makrofaji meupe yanayomeza seli zilizokufa, picha ambayo wanapatholojia huiita anga lenye nyota. Kipimo cha Ki-67, kinachoonyesha seli zinazogawanyika, hukaribia asilimia 100. Kati ya protini za utambulisho, CD20 na CD10 na BCL6 zipo, TdT haipo, BCL2 haipo au ni hafifu. Nyota hizo ni ushahidi wa MYC: protini hii husukuma ukuaji na papo hapo husukuma kifo, kwa hiyo seli nyingi huzaliwa na nyingi hufa. Uvimbe ulioshinda ni ule uliopata njia ya kuziba kifo.

Kirusi kinachojifunika

Moja ya njia za kuziba kifo inaelekea kwa EBV, na hapa ndipo epijenetiki inapoingia kwa maana yake halisi: alama juu ya DNA au juu ya histoni (protini ambazo DNA hujizungushia), alama ambazo hazibadilishi herufi, lakini huamua jeni isomwe au isisomwe, na hurithiwa seli inapogawanyika. Alama maarufu kuliko zote ni methili inayobandikwa kwenye sitosini iliyofuatwa na guanini. Seli inapoiga DNA yake, uzi mpya hutoka bila methili. Kimeng'enya DNMT1 hupita nyuma, husoma uzi wa zamani, na kubandika methili palepale kwenye uzi mpya. Hivyo seli mama humwachia mtoto kumbukumbu ya kilichozimwa.

EBV ikiwa ndani ya virioni, yaani chembe ya kirusi iliyo nje ya seli, DNA yake ya herufi 172,000 hivi haina methili kabisa. Ikiingia seli B hujifunga kuwa duara ndani ya kiini, na mwanzoni huwasha protini nyingi: EBNA1, EBNA2, familia ya EBNA3, LMP. Hizo huifanya seli igawanyike bila kikomo. Pia EBNA3A na EBNA3C kwa ushirikiano huiandama jeni ya BIM, ambayo ni mchochezi mkubwa wa kifo cha seli, na kuifunga kwanza kwa alama za histoni za kuzima na baadaye kwa methili. BIM ndiyo ile ambayo MYC huhitaji ili iue seli iliyozidisha. Katika baadhi ya seli za Burkitt, BIM imekutwa imezimwa kwa methili, na ilipofunguliwa seli zilirudi kufa kwa dawa.

Lakini EBNA2 na EBNA3 zina gharama. Seli T za mtoto mwenye kinga nzuri huzitambua na kuziua seli zinazozionyesha. Basi baada ya muda, kwa kutumia vimeng'enya vya binadamu, milango ya kirusi iitwayo Cp na Wp hubandikwa methili na kufungwa, na mlango wa LMP1 nao vivyo hivyo. Hubaki mlango mmoja, Qp, ambao haumethilishwi, na unaotoa EBNA1 tu. EBNA1 ni ya lazima, kwa sababu ndiyo inayoishikilia DNA ya kirusi kwenye kromosomu isipotee seli inapogawanyika. Tena protini hiyo ina mfululizo mrefu wa glisini na alanini unaopunguza vipande vinavyofika mbele ya seli T. Seli ya Burkitt iko katika hali hii: EBNA1, RNA ndogo za EBER na mikroRNA, basi. Zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa wa ukanda wa malaria wana EBV, na kinga haioni kitu cha kukamata. Kipimo cha kawaida cha kuitafuta EBV kwenye kipande cha nyama ni cha EBER, kwa sababu hizo RNA ndogo zipo kwa wingi katika kila seli yenye kirusi. Ukitafuta LMP1 katika Burkitt utapata jibu la hakuna, na jibu hilo litakudanganya.

Kuziona methili zenyewe kunahitaji kemia. Salfaiti-asidi ya sodiamu, ambayo maabara huiita baisalfaiti, hugeuza sitosini tupu kuwa yurasili, ambayo PCR, mbinu ya kuzidisha nakala za DNA, huisoma kama timini. Sitosini yenye methili haiguswi. Ukilinganisha mfuatano kabla na baada, kila C iliyobaki C ilikuwa na methili. Wazo ni jepesi. Mikono ndiyo inayokosea. Baisalfaiti hufanya kazi kwenye uzi mmoja tu, kwa hiyo DNA isiyotenganishwa vizuri, au yenye protini iliyobaki, huacha C nyingi bila kugeuzwa, na wewe unaandika methili isiyokuwapo. Kinga yake ni kuangalia C zisizofuatwa na G: hizo katika seli hizi zinapaswa kugeuka karibu zote, zaidi ya asilimia 99. Zisipogeuka, tupa matokeo. Weka pia DNA mbili za kulinganishia, moja isiyo na methili kabisa na nyingine iliyomethilishwa yote kwa kimeng'enya M.SssI.

Kosa la pili ni la polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA katika PCR. Zile zenye uwezo wa kusahihisha, za jamii ya Pfu, husimama zikikuta yurasili, na PCR inatoka tupu. Tumia Taq inayowashwa kwa joto. Kosa la tatu ni urefu: baisalfaiti huvunja DNA, na DNA ya kipande cha nta ilikwisha kuvunjika, kwa hiyo lenga vipande vya herufi 100 hadi 200, usidai 500. Praima, vipande vifupi vinavyoanzisha kunakili, zisikae juu ya CG, la sivyo zitachagua zenyewe nakala za kukuza.

Uzuri wa kupima DNA ya kirusi badala ya ya binadamu ni huu: kipande cha nyama kina makrofaji, mishipa, na seli T, zote zikiwa na kromosomu za binadamu zenye alama zao, na huchanganya hesabu. DNA ya EBV imo karibu yote ndani ya seli za uvimbe. Hata kwenye damu tofauti inasaidia: EBV iliyomwagwa na seli za uvimbe zinazokufa ina methili, ile ya virioni haina. Kuhesabu wingi wa EBV kwenye plazma bila kujua inatoka wapi ni nusu ya jibu katika eneo ambalo karibu kila mtoto ana kirusi hiki na malaria hukiamsha mara kwa mara.

Kuna pia mabadiliko ya herufi yanayogusa udhibiti wenyewe. ARID1A na SMARCA4, ambazo protini zake husogeza nukleosomu, yaani vifungu vya DNA iliyozungushiwa histoni, ili DNA ifikike, hukutwa zimeharibika kwa wagonjwa wengi. ID3 na TCF3 nazo. Uvimbe wenye EBV huwa na mabadiliko machache ya aina hii kuliko usio na EBV, kana kwamba kirusi kinafanya sehemu ya kazi ambayo mabadiliko yangefanya.

Alama zinazofutika

Mtoto wa leo hatibiwi kwa dawa za epijenetiki. Anatibiwa kwa saiklofosfamidi, vinkristini, methotreksati na nyinginezo, pamoja na dawa ndani ya maji ya uti wa mgongo, kwa sababu uvimbe unaojiongeza maradufu kwa saa 24 hadi 48 hufa haraka ukiguswa. Hufa haraka kiasi kwamba siku za kwanza ndizo hatari: seli zikipasuka kwa pamoja humwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki, na figo huziba. Maji ya mshipa, kwa kawaida lita 3 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, na dawa ya kupunguza asidi ya yuriki huanza kabla ya dozi ya kwanza. Rituksimabu, kingamwili inayoshika CD20, ilipoongezwa kwa watoto wenye ugonjwa mkali, jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha asilimia 93.9 walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi wala tukio jingine baya, dhidi ya 82.3 bila dawa hiyo. Naamini kwa dhati kwamba kufikisha dawa hii Mwanza na Gulu kutaokoa watoto wengi kuliko ugunduzi wowote mpya wa maabara katika miaka michache ijayo.

Hata hivyo alama zinafutika, na hilo ndilo linalozitofautisha na herufi. Upande wa MYC, molekuli iitwayo JQ1 huitoa protini BRD4 kwenye histoni zenye asetili, enhansa hupoa, na MYC hushuka ndani ya seli za Burkitt bila jeni kuguswa. Kwa binadamu dawa za jamii hii zimekwamishwa na kushuka kwa chembe sahani, kwa kuwa enhansa za seli za kawaida nazo hutumia BRD4.

Upande wa kirusi, dawa iitwayo desitabini huingia kwenye DNA inayoigwa, huikamata DNMT1 na kuimaliza, na kila mgawanyiko unaofuata hutoka na methili pungufu. Dozi ndogo inatosha. Dozi kubwa huua seli kabla hazijapata muda wa kugawanyika na kufuta chochote. Katika seli za Burkitt zilizofanyiwa hivyo, milango iliyofungwa ilifunguka, EBNA2 na EBNA3 zikarudi kuonekana, na seli T zilizofunzwa kuitambua EBV zikaweza kuzishambulia, hata katika panya waliopandikizwa uvimbe. Alama zilidumu kwa muda baada ya dawa kuondolewa, na hilo linatoa nafasi ya kutoa dawa kwanza na seli T baadaye.

Tatizo liko kwenye Zta. Hiyo ndiyo protini inayoamsha EBV kutoka usingizini hadi kuzalisha virioni, na kinyume cha protini nyingi za kuwasha jeni, hushika baadhi ya milango ya kirusi vizuri zaidi ikiwa ina methili. Ndiyo sababu kirusi kilichoingia sasa hivi, kikiwa kitupu, hakiwezi kuzaliana mara moja. Lazima kisubiri kwanza kimethilishwe. Kwa hiyo dawa inayofuta methili hufungua protini zinazoonwa na seli T, na papo hapo huondoa alama ambazo Zta inazihitaji ili kuishika DNA. Anayepanga kuiamsha EBV ili iue seli ya uvimbe kutoka ndani, na anayepanga kuifichua ili seli T ziiue kutoka nje, wanahitaji alama mbili zinazopingana kwenye DNA ileile, na hawawezi kuchanganya dawa zao katika wiki moja.